Mizani ya Wimbo Rahisi: Karaoke ya Kijapani Kinywani mwa Mswahili wa Funzi

Katika mazungumzo ya wapenzi wa muziki, sifa ya urahisi imegeuka kuwa tusi. Anayeteua wimbo rahisi huonekana mvivu, ilhali anayeparamia wimbo mgumu hushangiliwa hata kabla ya kufungua kinywa. Matokeo ya mtazamo huu anayajua kila aliyewahi kuhudhuria usiku wa karaoke mjini Diani. Kijana mwenye sauti nzuri ya wastani anachagua "I Will Always Love You" kwa namna alivyouimba Whitney Houston mwaka 1992. Anaanza kwa upole na watu wananyamaza kumsikiliza. Kisha, kuelekea mwisho, mahadhi yanapandishwa ngazi, naye anabaki akipiga ukelele huku mishipa ya shingo imemsimama. Wasikilizaji wanacheka, na kijana harudi tena jukwaani. Wimbo uo huo Dolly Parton aliutoa mwaka 1974 kwa utulivu ambao koo la kijana yule lingeumudu, lakini hakuna aliyemwambia.

Makala haya yanashikilia kuwa kosa halikuwa la koo bali la uteuzi. Aidha, yanashikilia kuwa mwanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa amefunzwa kuhesabu mizani, tayari anacho kipimo cha kuteulia wimbo, na kwamba akikitumia kwa uaminifu kitamfikisha mahali asipopatazamia, yaani kwenye nyimbo za Kijapani.

Mfano wa karibu uko kisiwani Funzi, kusini mwa Msambweni. Mgeni huacha gari katika kijiji cha Bodo, akapanda mashua, akapita kandokando ya mikoko na pengine akapelekwa ndani ya Mto Ramisi kutazama mamba. Katika safari za namna hii, kama ilivyo katika mahoteli yote ya pwani ya kusini, wimbo anaoimbiwa mgeni ni mmoja usiokwepeka: "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms, uliotolewa mwaka 1982. Mgeni asiyejua hata neno moja la Kiswahili husikiliza mzunguko wa kwanza, akadandia maneno mawili matatu katika wa pili, na ufikapo wa tatu anaimba pamoja na nahodha. Hapo pana karaoke isiyo na mashine. Linalostahili kuchunguzwa ni sababu ya mgeni kufaulu. Mahadhi hayapandi wala kushuka sana. Sentensi ni fupi na hurudiwarudiwa. Takriban kila silabi huishia kwa irabu, hivyo pumzi haikatwi na konsonanti. Kipaji cha mgeni hakihusiki. Wimbo wenyewe ndio unaomfaa.

Sasa igeuzwe hali hiyo. Kijana wa Funzi anayeendesha mashua au kuongoza wageni akitaka kumwimbia Mjapani wimbo wa kwao, ataweza? Swali hili si la mchezo. Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakija Kenya tangu mwaka 1966, na kwa kiasi kikubwa ni mkopo wa Japani uliojenga barabara ya Dongo Kundu inayomwezesha mtu wa Kwale kufika upande wa pili wa Mombasa bila kupanga foleni kwenye kivuko cha Likoni. Huko kwao, Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili, na Redio Japani ya NHK ina idhaa ya Kiswahili. Wao wameikaribia lugha ya pwani kwa bidii. Huku pwani Kijapani kinadhaniwa kuwa lugha ya michoro isiyosomeka, na dhana hiyo imewafanya wengi wasijaribu hata kuifungulia kinywa.

Kabla ya kuijadili lugha yenyewe, historia ya karaoke inapaswa kukumbukwa kwa ufupi, maana imesahauliwa hata na waimbaji wake. Neno hili limeundwa kwa kuunganisha "kara", yaani tupu, na kipande cha neno lililokopwa lenye maana ya okestra. Mwaka 1971 mpigaji kinanda wa mji wa Kobe, Daisuke Inoue, alitengeneza mojawapo ya mashine za mwanzo. Kisa chake ni hiki: mteja mmoja aliyezoea kuimba huku Inoue akimpigia alitaka afuatane naye safarini. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia muziki katika kanda, akiupanga kwa kadiri ya uimbaji wa mteja huyo. Kwa hiyo kanda iliyozaa karaoke ilikuwa vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja asiye mwimbaji hodari. (Inoue hakuisajili hataza ya mashine yake, na utajiri wa karaoke ukaenda kwa wengine, mwaka 2004 alipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, ya amani, kwa kuwafunza watu kuvumiliana.) Mashine za leo zimehifadhi wazo hilo la asili katika kitufe cha kupandisha na kushusha ngazi ya sauti. Ni ajabu kwamba waimbaji wengi huona haya kukigusa, kana kwamba ngazi aliyoimbia mwenye wimbo ni sheria. Mwanamume anayeshusha wimbo kwa hatua mbili au tatu haharibu chochote. Anafanya kile ambacho karaoke ilibuniwa kukifanya.

Sauti ndiyo kipimo cha kwanza. Mtu asiyefunzwa uimbaji huimba kwa raha ndani ya oktava moja hadi moja na nusu hivi, na eneo lake zuri huwa karibu na sauti anayozungumzia. Kosa la kawaida ni kuupima wimbo kwa ubeti wa kwanza. Watunzi wengi wa nyimbo za kisasa huanzia chini ili kibwagizo kipate pa kupanda; mwimbaji hujiona salama mwanzoni, kumbe anapanda ngazi asiyoiona mwisho wake. Aanze basi na kibwagizo. Aimbe peke yake pale penye sauti ya juu kuliko zote, mara tatu mfululizo, bila kukaza taya. Asipoweza mara ya tatu, ashushe ngazi au aache wimbo huo. Vilevile asidanganywe na mwendo wa pole. Wimbo wa taratibu huonekana rahisi, lakini hudai pumzi ndefu, na sauti iliyosimamishwa kwa muda mrefu huanika kila mtetemo. Wimbo wa mwendo wa wastani, wenye vituo vya karibu, ndio unaoisitiri sauti changa na kuipamba.

Kipimo cha pili ni mizani, na hapa ndipo penye kiini cha hoja.

Kijapani kina irabu 5: a, e, i, o, u, sawa na Kiswahili. Silabi zake kwa kawaida ni wazi: irabu peke yake, au konsonanti ikifuatwa na irabu. Hakuna mrundiko wa konsonanti kama ule wa neno la Kiingereza "strength", ambalo lina konsonanti nyingi na irabu moja tu, na ambalo mwimbaji Mswahili hulazimika ama kulimeza au kuliongezea irabu na kupitwa na mdundo. Ushahidi wa undugu huu wa kimatamshi umo katika maneno ya mkopo. Neno "bus" lilipofika pwani likawa "basi". Lilipofika Japani likawa "basu". "Glass" likawa "gilasi" huku, na "gurasu" kule. Lugha mbili zisizo na nasaba yoyote zilikataa jambo lile lile kwa njia ile ile.

Ufanano huu unakwenda mbali zaidi. Katika ushairi wa Kiswahili, neno "mtu" lina mizani 2 na "nchi" lina mizani 2, kwa kuwa nazali inayosimama peke yake huhesabiwa kama silabi kamili. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Katika Kijapani, neno "hon", lenye maana ya kitabu, lina mora 2: ho-n. "Shinbun", yaani gazeti, lina mora 4: shi-n-bu-n. Nazali ile ya mwisho huhesabiwa peke yake, na wimboni mara nyingi hupewa noti yake. Mzungumzaji wa Kiingereza hulimeza neno hilo kwa mapigo 2, kisha akashangaa mbona muziki umembakia. Mshairi wa Kiswahili hashangai. Wajapani nao hutunga kwa hesabu: mora 5 na 7 ndizo nguzo za ushairi wao wa kale, na nyimbo nyingi zimejengwa juu ya 7 na 5, mathalani "Kōjō no Tsuki" ya mwaka 1901, iliyotiwa muziki na Rentarō Taki, kama vile shairi letu linavyojengwa juu ya 8 na 8. Kioo cha karaoke kinapoyapaka rangi maneno ya Kijapani, kwa kawaida huipaka herufi moja moja, na takriban kila herufi ya kana ni mora moja. Anayekitazama kioo hicho kwa jicho la ushairi ataona mashine ikihesabu mizani.

Maandishi nayo si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Maneno ya nyimbo nyingi hupatikana kwa herufi za Kirumi, na tahajia inayotumika zaidi ilichukua konsonanti kwa desturi ya Kiingereza na irabu kwa desturi ya Kitaliano. Ndivyo ilivyo tahajia ya Kiswahili sanifu. Kwa hivyo Mswahili akiyasoma maneno hayo kana kwamba ni Kiswahili, atakuwa karibu sana na matamshi yake. Yapo ya kujihadhari: "tsu" lisiwe "su", "fu" litamkwe kwa midomo iliyokaribiana bila meno kuugusa mdomo wa chini, "r" ipigwe mara moja tu kwa ncha ya ulimi, "ei" mara nyingi husikika kama e ndefu. Katika mazungumzo ya haraka irabu i na u hudidimia, hata "suki" likasikika kama lisilo na u. Lakini wimboni irabu hizo kwa kawaida hufufuka na kupewa nafasi yake. Ndiyo maana wimbo humfaa anayeanza kuliko mazungumzo.

Panapokuwa na ugumu wa kweli ni katika urefu. "Obasan" ni shangazi au mama mdogo. "Obāsan", kwa a ndefu, ni nyanya. "Kite" ni njoo. "Kitte", kwa konsonanti iliyokazwa, ni stempu. Kiswahili kinaujua urefu wa irabu kwa kiasi, kama katika "kufa" na "kufaa", lakini konsonanti iliyokazwa hakina. Hapa kijana wa Funzi ana msaada ambao msomi wa mjini huenda asiufikirie. Kisiwa hiki ni cha Waislamu, na mtoto hupitia chuo cha Kurani kabla ya mambo mengine mengi. Huko hufunzwa madda, yaani kuivuta irabu kwa hesabu ya harakati 2, 4 au 6, na hufunzwa shadda, yaani kuikaza konsonanti. Mwalimu wake hamwachii aivute irabu kwa kukisia. Sikio lililozoea nidhamu hiyo halitashindwa kutenganisha "kite" na "kitte". Fauka ya hayo, kijana huyo anaishi na lahaja mbili kila siku: Chifundi cha nyumbani, kinachopakana na Kivumba cha Wasini na Vanga, na Kiswahili sanifu cha shuleni. Amezoea kubadili ulimi bila kutetereka. Wanaoiona elimu ya chuo kuwa haina faida nje ya msikiti wangefanya vyema kulitafakari jambo hili.

Zipi basi za kuanzia? "Ue o Muite Arukō", wimbo wa Kyu Sakamoto wa mwaka 1961, unastahili nafasi ya kwanza. Maana ya jina lake ni kutembea huku ukitazama juu. Sehemu yake kubwa imejengwa juu ya ngazi ya sauti 5, mwendo wake ni wa wastani, vituo vya pumzi viko karibu, na pana mahali pa kupiga mbinja ambapo mwimbaji hupata kupumzika. Mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani ukiwa katika Kijapani chake kile kile. Kilichobadilishwa ni jina: wauzaji wa santuri waliona jina la asili ni zito kwa ndimi za Kiingereza, wakaupachika "Sukiyaki", jina la chakula cha nyama kisichohusiana na wimbo hata kidogo. Mswahili hauhitaji msaada huo. Baada ya huo ziko nyimbo za shule, mathalani "Furusato" ya mwaka 1914, inayohusu kukumbuka kwao mtu alikozaliwa. Ni fupi na imetungiwa koo za watoto, na mtu mzima anayeiimba kwa utulivu husikika kama mtu mwenye sauti kuliko alivyo.

Zipo pia za kuchukuliwa kwa hadhari. "Shima Uta" ya bendi ya The Boom, iliyotolewa mwaka 1992, humvuta mtu wa kisiwani kwa jina lake tu, kwani maana yake ni wimbo wa kisiwa. Lakini kibwagizo chake hupanda mno, na wanaume wengi hukifikia kwa sauti ya kuazima. Nyimbo za enka nazo ni mtego. Mahadhi yake ni machache na mwendo wake wa pole, ila uzuri wake wote umo katika mapambo ya sauti yanayoitwa kobushi, mtikisiko mfupi juu ya irabu moja. Anayeimba enka bila kobushi ni kama anayeimba taarabu kwa kusoma maneno. Kwa upande mwingine, aliyekulia katika taarabu na kaswida anaweza kuiona enka nyepesi kuliko Wajapani vijana wanavyoiona. Hili lingefaa kufanyiwa utafiti na mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada.

Pingamizi hazikosi. Ipo ya wazee, kwamba karaoke ni jambo la baa. Jibu lake ni jepesi: huko Japani tangu miaka ya 1980 watu wamekuwa wakikodi vyumba vidogo vya kuimbia, wakiingia na familia zao, na simu moja yenye kipaza sauti chini ya mwembe inatosha. Ipo nzito zaidi, ya wanaharakati wa lugha: kwa nini mwanachama wa chama cha Kiswahili ahangaike na nyimbo za Wajapani ilhali za kwao zinasahauliwa?

Pingamizi hii ndiyo inayoonyesha umuhimu wa kipimo kilichoelezwa. Kwa muda mrefu walimu wa Kiswahili wamelalamika kwamba ulimwengu unakijua Kiswahili kwa nyimbo mbili tu, "Malaika" na "Jambo Bwana". Wanalalamikia hasa hiyo "jambo" iliyovuliwa viambishi vya "hujambo" na "sijambo". Malalamiko hayo hayajamfunza mgeni hata mmoja wimbo wa tatu. Nyimbo hizo mbili hazikuenea kwa hila. "Malaika" iliimbwa na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte katika santuri ya mwaka 1965. "Jambo Bwana" ilichukuliwa na Boney M mwaka 1983. Wageni hao walizipokea kwa sababu mgeni anaweza kuziimba. Msomi anayetaka mgeni aimbe kitu chenye Kiswahili kipana zaidi hana budi kukipima kwanza kwa kipimo kile kile: kibwagizo kisizidi oktava moja, mizani iwe ya noti moja kwa silabi moja, vituo vya pumzi viwe karibu, na marudio yawepo. Nyimbo za ngoma na za kazi za Kwale zinazotimiza masharti hayo zipo, nyingi zikiwa za kuitikiana, ambapo mgeni huanza na kiitikio tu. Zinachokosa ni muziki mtupu uliorekodiwa katika ngazi mbili, ya wanaume na ya wanawake, pamoja na maneno yaliyokatwa silabi kwa silabi. Kazi hiyo haidai fedha nyingi. Inadai watu wanaojua silabi inakatwa wapi, na hao wamejaa katika vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, wakijadiliana kila mwaka kuhusu kukikuza Kiswahili duniani.

Tena anayejaribu Kijapani hujifunza mahali mgeni wa Kiswahili anapokwama. Mwanafunzi anayejikwaa kwenye "tsu" ataacha kumcheka Mjapani anayejikwaa kwenye l na r, maana lugha yake ina sauti moja tu mahali petu pana mbili. Na yule mwanafunzi wa kiti cha nyuma, asiyethubutu kusema neno katika kipindi cha fonolojia, huweza kuimba mbele ya watu akipewa wimbo usiomshinda.

Linabaki suala la ukasuku. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuimba kila mora mahali pake bila kujua anachokisema, na watazamaji wa Kijapani watalitambua hilo usoni mwake. "Nada Sōsō", wimbo uliopata umaarufu kwa sauti ya Rimi Natsukawa mwaka 2001, una mahadhi matamu yanayomfanya asiyejua maana atabasamu. Maneno yake Ryoko Moriyama aliyaandika akimlilia kaka yake aliyefariki. "Shima Uta" nayo, pamoja na uchangamfu wake, inawahusu waliokufa Okinawa katika vita vya mwaka 1945. Kwa hiyo katika karatasi ya maneno, chini ya kila mstari uliokatwa mizani, uandikwe mstari mwingine wa Kiswahili unaoeleza maana, na karatasi hiyo isomwe kwa sauti kabla muziki haujafunguliwa.